Kuimarisha au Kutuliza? Istilahi za Springi za Tela la Safari

Mwaka jana ililetwa mezani petu, katika sehemu ya istilahi, tafsiri ya kijitabu cha maelekezo ili tuipitie kabla haijapigwa chapa. Kijitabu chenyewe kilihusu tela la safari lililoundwa Marekani, yaani kijumba chenye magurudumu manne, kitanda, jiko na makabati, kivutwacho na gari. Taasisi iliyolinunua haikulitaka kwa ajili ya utalii. Iliondoa vitanda na jiko, ikaligeuza kuwa chumba cha kupimia macho, lipate kupelekwa vijijini likiwa na vioo na vyombo vyake ndani. Kwa bahati mbaya tafsiri ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika. Sura iliyoeleza namna ya kulifanya tela liende bila kurukaruka ilikuwa imepewa kichwa cha maneno "Kuimarisha Springi," na fundi, kwa kufuata aliyoandikiwa, akaziimarisha springi: aliongeza bapa moja la chuma katika kila springi. Katika safari ya kwanza baada ya kazi hiyo makabati mawili yaling'oka ukutani, na sanduku la lenzi likafika limejaa vigae.

Fundi hakukosea, maana alifanya alilosomewa. Wala mfasiri hakuwa mzembe. Kazi yake nyingine yote ilikuwa safi. Kosa lilikuwa ndani ya neno moja ambalo kila mmoja wetu angeweza kuliandika, na ndiyo sababu nimeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo. Mfasiri wa vitu vya mitambo hawezi kuchagua neno kabla ya kujua kitu chenyewe kinafanya kazi gani.

Tuanze na tela lenyewe. Matela ya namna hii ni mengi mno katika Marekani na Kanada, na sehemu kubwa huundwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na katika miji iliyouzunguka. Waingereza huyaita kwa neno ambalo kwetu lingerudi kuwa "msafara," jambo ambalo lingeleta vurugu, kwa kuwa msafara ni watu na vyombo vingi vinavyofuatana. Kwa hiyo tumependelea "tela la safari." Kwa hakika matela haya yamewahi kwenda msafara wa kweli katika bara letu: Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza matela 41 kutoka Cape Town mwaka 1959 hadi Cairo mwaka 1960. Walioona picha za matela yale yang'aayo yakiwa yamepangwa mbele ya mapiramidi wanaweza kudhani safari ilikuwa nyepesi. Barabara za siku zile hazikuwa na huruma kwa springi.

Hata hivyo, tela la kawaida la Marekani halikukusudiwa barabara kama hizo. Limekusudiwa lami. Aghalabu hutoka kiwandani likiwa na ekseli mbili, springi za mabapa, na halina shokapu hata moja. Ndiyo maana wenye matela huko hushughulika sana na kubadili vyombo vya chini ili mwendo uwe mtulivu, na ndiyo maana kijitabu tulicholetewa kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo.

Sasa, vyombo hivyo vya chini kwa ujumla wake viitweje? Kiingereza huviita kwa neno lenye maana ya kutundika au kuning'iniza. Katika rasimu tuliyoletewa yaliandikwa maneno "mfumo wa kuning'inia." Msomaji wa Kiswahili akiyaona hayo atatafuta kamba. Sababu ya Waingereza kusema hivyo ni ya kihistoria: magari ya farasi ya zamani yalikuwa na bodi iliyotundikwa kwa mikanda ya ngozi. Hata yale magari ya abiria yaliyoundwa Concord, katika jimbo la New Hampshire, katika karne ya 19, bodi yake ililala juu ya mikanda minene ya ngozi. Mikanda ilikwisha kuondoka, neno likabaki. Sisi hatukuwa na mikanda hiyo, wala hatuna haja ya kurithi kumbukumbu yake. Tela halikuning'inia, limekaa juu ya springi. Kwa hiyo "mfumo wa springi" watosha kwa kazi za kila siku, ijapokuwa nakiri kwamba jina hilo linakitaja kiungo kimoja kwa niaba ya vyote. Lugha nyingi hufanya hivyo, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu yake.

Neno "springi" limekwisha kuwa letu. Wapo wanaotuandikia wakitaka tufufue "kamani," neno lililomo katika kamusi zetu kwa maana ya springi ya saa, lenye asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni upinde. Nakiri kwamba hoja yao ina uzuri wake. Springi ya tela ni upinde kweli: ni mabapa kadhaa ya chuma cha pua, marefu na mafupi, yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakapindwa kidogo na kufungwa pamoja katikati. Lakini nenda katika gereji yoyote uombe kamani ya tela, uone kama utahudumiwa. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi wajulikana: hutafutwa kwanza neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni wa kutafuta neno pale ambapo halipo. Haukuwekwa ili kuyafukuza maneno yaliyokwisha kukaa. Tubaki na "springi," na pale inapolazimu kutofautisha, tuseme "springi ya mabapa" na "springi ya koili," kama mafundi wasemavyo "koili" kwa ile iliyoviringwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha kosa lililotajwa. Springi hufanya nini? Gurudumu linapopanda jiwe, springi hubonyea na kuihifadhi nguvu ya kishindo, kisha huirudisha. Haiifuti. Kama springi ni ngumu, hubonyea kidogo tu na kishindo hupenya hadi ndani ya tela. Jambo hili hupimika kwa hesabu nyepesi. Springi ikibonyea sentimeta 5 kwa uzito wa tela lililosimama, basi tela likirushwa litapanda na kushuka mara 2.2 hivi kwa sekunde. Ikibonyea sentimeta 2.5 tu, litapanda na kushuka zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Gari dogo la abiria, ambalo watu hulisifu kwa mwendo wake, hupanda na kushuka mara 1 hadi 1.5 tu. Kadiri idadi hiyo inavyozidi, ndivyo misumari ya kabati inavyolegea.

Springi yenye mabapa 4 ya unene mmoja, ukiiongezea la tano, ugumu wake huongezeka kwa robo hivi. Na kumbuka kwamba tela letu lilikuwa limekwisha kuondolewa vitanda na jiko, likawa jepesi kuliko lilivyokusudiwa na kiwanda. Springi zake zilikuwa ngumu kupita kiasi hata kabla fundi hajaongeza kitu. Dawa iliyoandikwa katika kijitabu kwa lugha yake ya asili ilikuwa kinyume kabisa: lipimwe tela likiwa na mzigo wake halisi, na kama springi zina uwezo mkubwa mno kupita uzito huo, zibadilishwe kwa nyingine zinazolingana nao.

Je, mfasiri alidanganywa na nini? Kiingereza kina neno moja kwa ajili ya kukitoa kitu katika hali ya chini na kukiweka katika hali bora, na kwa neno hilo huzungumzia springi, mishahara, barabara na vyeti. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, nami siusikitikii upungufu huo. Tuna kuboresha, kuimarisha, kukarabati, kupandisha daraja. Mfasiri akachagua "kuimarisha," neno zuri la maofisini, ambalo tumelizoea katika kuimarisha uchumi na kuimarisha ushirika. Lakini "imara" ina nyuso mbili. Mtu imara ni mwenye nguvu. Meza imara ni ile isiyotikisika. Mwenye kuandika alifikiri juu ya meza, mwenye kusoma akafikiri juu ya nguvu. Na springi yenye nguvu zaidi ndiyo itikisayo zaidi.

Hata "kulainisha mwendo," ambalo baadhi ya wenzangu walilipendekeza badala yake, lina hatari yake. Tela lenye springi laini zisizo na cha kuzituliza litayumba kama mashua, na tela likiyumba nyuma ya gari huweza kuliondoa gari barabarani. Kinachotafutwa ni utulivu, na utulivu hautokani na springi peke yake. Kwa sababu hiyo tumeshauri kichwa cha sura kiwe "Kutuliza Mwendo wa Tela," na ndani ya sura kila badiliko litajwe kwa jina lake: kupunguza ugumu, kuongeza udumu, kuongeza kizuizi. Neno "kuboresha" laweza kubaki katika utangulizi, mahali ambapo halitamtuma mtu kushika spana.

Niliposema kutuliza nilikuwa nafikiri juu ya kifaa ambacho mafundi hukiita "shokapu." Vitabu vyetu kadhaa vimekiita "kizuia mshtuko," kwa kufuata jina la Kiingereza kipande kwa kipande. Nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kumwuliza fundi mmoja mzee aliyefanya kazi ya springi kwa miaka mingi kama jina hilo lingefaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema: "Mwanangu, shokapu haizuii kitu. Kishindo kinapokelewa na springi. Shokapu inaiambia springi, basi, imetosha."

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo katika kitabu chochote. Shokapu ni bomba lenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Springi inapocheza, pistoni hulazimika kuyasukuma mafuta yapite katika matundu hayo kwa shida, na ile nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Ukigusa shokapu nzima baada ya kupita barabara mbovu utaikuta ina joto. Ile iliyokufa itakuwa baridi. Kwa hiyo kimaana kifaa hiki ni kituliza, na sehemu yetu inapendekeza "kituliza springi" kwa vitabu vya shule za ufundi, ambako mwanafunzi anapaswa kuelewa kazi ya kitu kutokana na jina lake. Katika maelekezo ya kazi na katika orodha za vipuri "shokapu" ibaki, kwa kuwa ndilo neno litakalompatia mtu kipuri dukani. "Kizuia mshtuko" liachwe. Linamfanya msomaji aamini kwamba akifunga shokapu kubwa zaidi ataweza kubeba mzigo mkubwa zaidi, na hilo si kweli: shokapu ya kawaida haibebi uzito wa tela.

Mabapa yenyewe nayo hutuliza kidogo kwa kusuguana. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililowapa viwanda ujasiri wa kuyauza matela yasiyo na shokapu.

Katika rasimu ile kulikuwa na sentensi iliyotuchekesha ofisini: "Legeza pingu za springi." Mfasiri alikuwa amekutana na neno la Kiingereza ambalo kweli maana yake ya kwanza ni pingu. Katika tela ni jozi ya vipande viwili vya chuma, kila kimoja kina tundu juu na tundu chini, vinavyoishika ncha ya springi kwa bolti. Kazi yake yafaa ieleweke. Springi iliyopinda ikibonyea hunyooka, na ikinyooka hurefuka. Kama ncha zake zote mbili zingefungwa kabisa, ingekatika au ingeng'oa kitu. Vipande hivi huicha ncha moja iende mbele na kurudi. Pingu humzuia mtu asitembee. Hiki kiungo ndicho kinachoiruhusu springi itembee. Ni nadra kuona tafsiri ya neno kwa neno ikiisema kinyume cha kweli kwa ukamilifu namna hiyo.

Ndani ya tundu la ncha ya springi mna "bushi," neno ambalo halina mjadala. Bushi za matela mengi ya Marekani ni za nailoni. Huwa nafuu, lakini huliwa upesi, na zikiisha bolti husuguana na chuma hadi tundu likawa refu kama yai. Wenye matela huko huzibadilisha kwa bushi za shaba nyeusi, pamoja na bolti zenye njia ya grisi ndani yake na vipande vya kushikia vilivyo vinene zaidi. Hapa, na hapa tu katika sura nzima, neno "kuimarisha" lilikuwa mahali pake! Badiliko hili halifanyi mwendo kuwa mtulivu sana. Linafanya vyombo vidumu na visikatike njiani. Mfasiri angekuwa na maneno mawili badala ya moja, msomaji angeelewa mara moja ni lipi linalolinda vyombo na ni lipi linalolinda lenzi.

Baina ya springi ya mbele na ya nyuma, katika tela lenye ekseli mbili, hukaa kipande cha chuma kilichoshikwa katikati kama mkono wa mizani. Gurudumu la mbele likipanda tuta, ncha ya springi yake huusukuma mkono huo juu upande wa mbele, na upande wa nyuma hushuka na kuligandamiza gurudumu la nyuma. Hivyo uzito hugawanyika baina ya ekseli mbili hata njia ikiwa mbovu. Tumekiita "kisawazishi." Kuna mwenzetu aliyehofu kwamba mafundi watalichanganya neno hilo na kazi ya kusawazisha magurudumu, lakini kazi hiyo wao huiita "kubalansi," na hofu ikaisha. Viwanda kadhaa huuza kisawazishi chenye mpira ndani yake, ambao hupokea vishindo vidogo kabla havijafika kwenye bodi. Kijitabu kilikitaja kuwa ndilo badiliko jepesi kwa fundi, maana hufungwa mahali pa kile cha zamani bila kuchomelea. Shokapu, kinyume chake, huhitaji vishikio vichomelewe au vifungwe kwenye ekseli na kwenye fremu.

Aina nyingine kabisa ni ile isiyo na springi za chuma. Ndani ya ekseli ya bomba huwekwa fimbo na vipande vya mpira. Gurudumu likipanda, fimbo husokotwa na mpira hubanwa. Airstream wameitumia aina hii tangu miaka ya 1960. Rasimu iliiita "ekseli ya kujipinda," na msomaji angeweza kudhani ni ekseli iliyoharibika. Tumependekeza "ekseli ya msokoto." Hutoa mwendo mtulivu, na kila gurudumu hucheza peke yake, lakini haina kisawazishi, hivyo tela sharti livutwe likiwa sawa mbele na nyuma, ama sivyo ekseli moja itabeba zaidi ya mwenziwe. Tena ikiharibika katikati ya pori, hakuna mhunzi atakayeifua. Springi ya mabapa hufuliwa karibu kila mahali penye gereji.

Limebaki jambo ambalo si la springi lakini wafasiri wa maofisini hulikosea mara kwa mara, nalo ni "uwezo." Ekseli ya kawaida ya matela haya hukadiriwa kubeba ratili 3,500, yaani kilo 1,588 hivi, ekseli mbili ni kilo 3,175. Mtu akiongeza springi, ekseli haikuongezeka uwezo, wala tairi, wala rimu. Uwezo wa tela ni uwezo wa sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Katika hati za kununua na kusajili vyombo, "springi zimeimarishwa" lisiandikwe mahali pa "uwezo umeongezwa," kwa kuwa afisa atakayeisoma hati hiyo atapakia mzigo kwa kuitegemea.

Tela la taasisi ile lilirudishwa kwa fundi yule yule. Bapa lililoongezwa liliondolewa, springi zikabadilishwa kwa kufuata uzito uliopimwa, visawazishi vyenye mpira vikafungwa pamoja na shokapu nne, na upepo wa matairi ukawekwa kama kibandiko cha tela kilivyoagiza kwa mzigo wake. Tafsiri mpya imekwisha kupigwa chapa.

Neno moja tu halijapata jina la kuturidhisha, nalo ni ile iliyokuwa "pingu." Kwa sasa tumeandika "kiungo cha springi," lakini viungo ni vingi katika tela, na jina hilo halisemi kitu. Mimi napendelea "kibembeo," kwa kuwa kitu chenyewe hubembea kweli pale springi inaponyooka na kupinda; wenzangu wawili waona kwamba neno hilo lina mchezo wa watoto ndani yake. Walimu wa shule za ufundi, na kila aliye karibu na gereji, watusaidie kwa kutuandikia jina linalotumika kwao kabla orodha haijafungwa.